Ukwato Uliozibwa kwa Puti: Uchambuzi wa Kisa cha Farasi Mmoja Arusha

Hiki ni kisa cha farasi aliyeharibika kwato zote mbili za mbele, na ilituchukua miezi kumi na minne kumrudisha kazini. Nimekiandika kwa ajili ya saisi (watunza farasi), mafundi wa kwato wenzangu na madaktari wa mifugo wanaohangaika na farasi huku kwetu, ambako wanyama hawa ni wachache na watu wa kuwauliza ni wachache zaidi. Mwenye zizi ameridhia. Majina, eneo kamili na alama za farasi nimeviondoa. Makosa yangu nimeyaacha palepale yalipotokea.

Mazingira

Zizi liko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, upande wa mashariki wa mji wa Arusha. Lina farasi saba, wote wa kubeba wageni. Huyu wa kwetu, nitakayemwita Kahawia, ni dume aliyehasiwa, umri wake miaka kumi na mitatu hivi, uzito kama kilo 430. Alinunuliwa Kenya akiwa ameshakomaa.

Mambo matatu ya zizi hili yana uzito katika kisa. La kwanza ni usiku. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, na wadudu hao huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Kwa hiyo farasi hufungiwa ndani saa kumi na moja jioni na kutolewa saa moja na nusu asubuhi. Ni tahadhari nzuri, siipingi. Lakini maana yake ni kwamba mnyama anasimama mahali pamoja zaidi ya saa kumi na nne, juu ya maranda yaliyolowa mkojo. Wakati wa masika maranda yenyewe huja kutoka kiwandani yakiwa mabichi.

La pili ni ratiba ya viatu. Fundi wa kupigilia viatu alikuwa akivuka Namanga kila baada ya wiki kumi na kuhudumia mazizi kadhaa kwa safari moja. Ukwato wa farasi hukua milimita sita hadi kumi kwa mwezi. Fanya hesabu: ikifika wiki ya kumi, ncha ya mbele imerefuka kwa karibu sentimita mbili na kiatu kimesogea mbele pamoja nayo. Kila hatua inakuwa kama mtu anaingiza mtaimbo chini ya ukuta wa ukwato na kuuinua.

La tatu ni chakula: pumba za mahindi kilo nne kwa siku zilizochanganywa na molasi, majani makavu, na malisho ya mchana. Hili la tatu nililiuliza nikiwa nimechelewa.

Kabla sijaitwa

Katikati ya Aprili, kwenye tope la masika, Kahawia aliacha kiatu cha kulia kwenye mfereji. Kiatu kiliondoka na vipande vya ukuta vilivyoshika misumari, na pengo lililobaki lingeweza kupokea vidole vitatu vya mtu mzima. Fundi wa viatu alikuwa bado ana wiki tano kabla ya safari yake. Msimu wa wageni unaanza Juni.

Kijana mmoja pale zizini alikuwa amefanya kazi gereji, naye akashauri puti, ileile ya kusawazisha magari yaliyobonyea. Wakasafisha pengo kwa brashi, wakachanganya puti na kikolezo chake, wakajaza, wakapiga msasa. Nimeonyeshwa picha ya siku ile na kwa kweli ukwato ulipendeza, ungedhani umetoka dukani. Wakamwita mtu mwingine akapigilia kiatu kipya, misumari miwili ikapita kwenye puti. Ukwato wa kushoto ulikuwa na ufa mdogo, nao ukapata puti yake.

Ilidumu siku kumi na tisa.

Siku ya kwanza

Niliitwa wiki ya kwanza ya Mei. Kahawia alikuwa anachechemea miguu yote ya mbele, wa kulia zaidi, na akisimama anaupeleka mguu huo mbele kidogo ili kisigino kibebe mzigo. Ukwato wa kulia ulikuwa wa moto. Mshipa ulio nyuma ya kifundo ulipiga kwa nguvu kiasi cha kuusikia bila kuutafuta.

Kabla ya kugusa chuma chochote nina desturi ya kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo ndogo, kuanzia ukingo wa nywele kushuka chini. Ukuta mzima una mlio mzito, mfupi. Kwenye ncha ya ukwato wa kulia mlio ulibadilika ghafla, ukawa wa mtungi mtupu. Nikarudia mara tatu. Mzee ambaye ni saisi mkuu alikuwa ameshika kamba, akasikia pia, akasema tu, "Humo ndani hamna mtu."

Tuling'oa viatu. Puti ya kulia ilitoka nzima kama kifuniko, na harufu iliyotoka nyuma yake ilimfanya kijana wa gereji arudi hatua mbili. Chini yake hapakuwa na pembe ngumu, yaani ile dutu kama kucha inayojenga ukuta wa ukwato. Palikuwa na vumbi la kijivu lililoshikana kwa unyevu, linalosagika kati ya vidole kama muhogo uliovunda. Nikapenyeza spoku ya baiskeli niliyoikata na kuitoa makali, kwenye mstari mweupe, ule mshono unaounganisha soli na ukuta (jina tu, rangi yake hasa ni ya manjano). Spoku iliingia sentimita nne na nusu bila kupingwa. Ukuta mzima kwa mbele ni kama sentimita nane. Kushoto iliingia sentimita mbili.

Huu ni ugonjwa wa mstari mweupe. Kuvu na bakteria wanaokula pembe huingia pale mshono ulipofunguka, na wanapenda giza, unyevu na mahali pasipo na hewa. Puti ilikuwa imewapa vyote vitatu, na mlango ikawafungia.

Uamuzi, na sababu zake

Mwenye zizi alitaka jambo moja: farasi awe tayari Julai. Nikamwambia ukweli kadiri nilivyoujua siku ile. Ukwato hauponi kama kidonda. Pembe iliyokufa haiunganishwi tena na kilicho chini yake, na chochote utakachobandika hapo ni pambo. Kinachowezekana ni kuondoa kilichokufa na kusubiri ukuta mpya ushuke kutoka kwenye ukingo wa nywele. Kwa mbele safari hiyo ni miezi tisa hadi kumi na miwili.

"Fundi, unaniambia nimpoteze msimu mzima?"

"Msimu umeshapotea, mama. Nakuambia usimpoteze farasi."

Alikaa kimya, kisha akakubali. Lakini alibaki amesimama pale na mikono kifuani, na hilo lilinielemea kuliko nilivyojua.

Kanuni ya kazi hii ni moja: kata ukuta uliotengana mpaka ufike mahali pembe imeshikana pande zote, haina mfereji wa kijivu wala vumbi. Ukiacha hata kijibonde cha ukubwa wa punje ya mchele, umeacha mbegu. Pembe iliyokufa haina hisia, farasi hana anachosikia isipokuwa mtetemo wa tupa. Nami naijua kanuni hiyo. Hata hivyo siku ile nilikata sentimita tatu tu upande wa kulia, nikasimama. Lile shimo lilitisha, mwenye mali ananitazama, nikajiambia dawa itafanya sehemu iliyobaki. Baada ya wiki mbili na nusu nilirudi, na spoku ikaingia tena sentimita mbili juu ya pale nilipoishia.

Mara ya pili nilikataa kufanya kazi bila picha ya mfupa. Daktari wa mifugo alikuja na mashine ya eksirei ya kubebeka. Picha ilionyesha mfupa wa ndani ya ukwato umeinama kwa digrii tano hivi kutoka kwenye mstari wa ukuta, na soli chini ya ncha ya mfupa ilikuwa na milimita nane. Kwa farasi wa ukubwa huu napenda kuona kumi na tano au zaidi. Hapo kazi ilibadilika sura. Tatizo halikuwa tena shimo peke yake. Ukuta wa mbele ulikuwa umeacha kuushikilia mfupa, na mfupa ulikuwa unaanza kuikalia soli.

Tukakata yote. Kulia ukuta wa mbele uliondoka mpaka sentimita mbili na nusu kutoka ukingo wa nywele. Kushoto ilitosha kufungua mlango mdogo.

Halafu likaja swali la kumsimamisha. Misumari haikuwa na mahali pa kushika. Viatu vya kugandisha kwa gundi nilivifikiria kwa makini, maana ni njia halali kabisa. Lakini gundi hiyo lazima iagizwe nje, inataka ukwato mkavu kama karatasi, na inafunika. Nilikuwa nimetoka kuona kufunika kunafanya nini. Sitaki isomeke kwamba jazio ni haramu. Pale ambapo ukuta ni msafi, mkavu na hauna maambukizi, jazio la kisasa lina kazi yake. Huyu hakuwa amefika huko.

Tuliamua hivi: peku, juu ya sakafu kavu, na viatu vya kuvaa na kuvua.

Ndala, katambuga na changarawe

Zizi la Kahawia tulilitoa maranda na kumwaga changarawe laini ya mviringo, unene wa sentimita kumi na mbili. Mkojo unapita chini, ukwato unabaki mkavu, na mawe madogo yanajipanga kufuata umbo la soli badala ya kuichoma. Mzee hakuipenda. Alisema farasi hatalala. Siku ya tatu asubuhi alinipigia simu kunijulisha kwamba ubavu mzima wa farasi una alama za mawe. Alikuwa amelala, tena vizuri.

Kwa soli nyembamba tulihitaji mto. Sponji ya godoro inabonyea ndani ya saa moja. Nikakumbuka ndala. Ile raba yake nyepesi inabeba uzito, haibonyei haraka wala hainywi maji. Tulinunua jozi nne za namba kubwa kuliko zote dukani, tukachora umbo la ukwato na kukata tabaka mbili kwa kila mguu. Hapa kuna jambo la kuangalia kwa karibu: hatukuufunika ukwato mzima. Mto ulianzia kwenye kisigino, ukabeba ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la V, ukaishia sentimita moja na nusu nyuma ya ncha ya mfupa. Kwa mbele soli ilibaki inaning'inia. Uzito ulihamia nyuma, na mbele pakapumzika.

Ndala peke yake hudumu siku mbili. Tukahitaji kiatu cha kuuvalisha juu, na vya kuagiza kutoka nje vingetufikia Septemba. Nikaenda kwa fundi wa katambuga mjini, pembezoni mwa soko la Kilombero, nikiwa na ukwato niliouchora kwenye boksi na vipimo vya mzunguko. Akaugeuza mchoro huku na huku.

"Huyu mteja anavaa namba ngapi?"

Nilipomweleza alicheka, halafu akaacha kucheka na kuanza kuuliza maswali ya kiufundi kuliko nilivyotegemea: anakanyaga kwanza kisigino au ncha, anageuka ghafla, anakojoa akiwa amevaa? Soli alitoa kwenye tairi la gari dogo, pembeni kwa turubai, mikanda kwa tyubu. Toleo la kwanza lilimchubua farasi nyuma ya visigino baada ya siku mbili. La pili aliliteremsha nyuma kwa vidole viwili, na hilo ndilo lililodumu. Alivaa kwa muda wa saa tatu asubuhi na saa tatu nyingine jioni kabla ya kuingia ndani, usiku anavuliwa ili ukwato upate hewa.

Mzee alikuwa na hoja yake dhidi ya haya yote, na si hoja ya kubeza. Punda wa Monduli na Longido, alisema, hawajawahi kuona fundi wala kiatu, mbona wanatembea? Ni kweli. Lakini punda yule anakwenda kilomita nyingi kufuata maji juu ya ardhi kavu yenye mawe, na ardhi hiyo ndiyo tupa yake. Usiku hasimami kwenye mkojo wake saa kumi na nne. Na ukimleta punda huyohuyo akakae kwenye tope la masika, mstari mweupe wake utaoza kama wa mwingine. Nimewatibu.

Dawa, na kosa la Juni

Kila siku: brashi ya waya, kukausha, povidoni ayodini iliyozimuliwa. Mara mbili kwa wiki: mrututu (salfeti ya shaba), uleule ambao wakulima wa kahawa wa Meru na Kilimanjaro wameunyunyizia mashamba kwa miaka, kwa sababu kuvu hawauvumilii. Nilisema "mrututu kidogo". Sikuandika kipimo, wala sikuonyesha mipaka ya mahali pa kupaka. Mzee akautengeneza kuwa uji mzito na kuupaka mpaka juu, pale ambapo tishu changa ya waridi ilikuwa imeanza kuvaa pembe mpya. Ukaunguza. Tulipoteza siku kumi.

Ningeweza kumlaumu. Lakini kwake yeye "kidogo" ni kiganja, na mimi nilikuwa nimemkabidhi neno hilo nikapanda gari.

Agosti: nywele zinapukutika

Kufikia katikati ya Juni nilikuwa nimeuliza kuhusu chakula, hatimaye. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana. Farasi anahitaji kinyume chake: kalisi isizidiwe na fosforasi, na afadhali iwe mara moja na nusu au mbili. Molasi na wanga mwingi ni mzigo mwingine kwa farasi ambaye mfupa wake tayari unayumba. Nikaagiza pumba na molasi vipunguzwe hadi viishe, majani makavu yaongezwe, na apewe lusani kila siku, kwa ajili ya protini na kalisi. Nilisema hivyo kwa simu. Mwenye zizi aliongeza vitamini ya bayotini, miligramu ishirini kwa siku, na sikumkataza.

Mwezi wa Julai nilimwona mara moja tu. Katikati ya Agosti nilipofika, Mzee alinipeleka moja kwa moja kwenye mkia. Nywele zilikuwa zimepungua kama mkia wa ng'ombe mzee. Nikashika singa za shingoni, zikabaki mkononi. Nikainama kwenye miguu: chini kidogo ya ukingo wa nywele, kwenye kwato zote nne, si mbili, kulikuwa na mfereji uliozunguka ukwato mzima kama pete. Kucha ya kidole ilizama ndani yake.

Kwato za nyuma hazikuwahi kuugua. Kwa hiyo jambo hili lilikuwa limetoka tumboni.

Daktari alitaja madini ya seleniamu, kwa kuwa ikizidi huangusha singa na mkia na kukata kwato kwa namna hiyohiyo. Mwenye zizi alitaja maji. Ukiishi upande huo wa Meru huwezi kutoyafikiria maji. Floraidi ya ukanda wa Maji ya Chai inaonekana kwenye meno ya watoto waliokulia pale. Lakini farasi sita wengine walikunywa kwenye birika lilelile na mikia yao ilikuwa mizima. Kitu alichokuwa anakipata Kahawia peke yake ndicho tulichopaswa kukitafuta, na kitu hicho nilikiagiza mimi.

Nikaenda kwenye hori lake. Ndani kulikuwa na matawi membamba yenye vijani vidogovidogo viwiliviwili kama manyoya, na maganda bapa ya kahawia yanayoning'inia.

"Mzee, hii ni nini?"

"Si ndiyo lusina uliyosema, fundi? Tunakata pale kwenye ukingo wa shamba. Namwekea ya kutosha."

Lusani na lusina. Lusani ni lile jani fupi la maua ya zambarau ambalo wengine huliita alfalfa, na farasi hulila dunia nzima. Lusina, ambayo wengine huiita lukina, ni mti wa jamii ya mikunde uliojaa kwenye kingo za mashamba ya Arusha na Moshi, chakula kizuri cha mbuzi na ng'ombe. Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe na mbuzi wana tumbo la kucheua, na wakizoea hupata bakteria wa kuivunja. Farasi hana tumbo hilo. Mimosini huzuia chembe zinazogawanyika upesi, na kwenye mwili wa farasi mahali zinapogawanyika upesi ni kwenye mizizi ya nywele na kwenye ukingo unaotengeneza ukwato.

Miezi miwili nilikuwa nasubiri ukwato ukue, na miezi hiyohiyo nilikuwa nimeagiza, kwa kinywa changu, alishwe kitu kinachouzuia kukua. Nilimwambia Mzee hivyohivyo. Alivua kofia akakaa juu ya ndoo. Baadaye aliniuliza kama farasi atakufa, nikamjibu hapana, na hatukulizungumza tena siku ile.

Lusina iliondolewa saa ileile. Singa zilianza kuota upya ndani ya wiki sita.

Matokeo

Ile pete ikawa kalenda yetu. Kila nilipokuja kumpunguza kwato, sasa kila wiki nne badala ya kumi, nilipima umbali kutoka ukingo wa nywele hadi kwenye mfereji na kuuandika kwa chaki ukutani kwa zizi. Septemba na Oktoba ilishuka milimita tano tano. Kuanzia Novemba ikashuka nane, mara moja tisa. Pembe iliyotoka juu ya pete ilikuwa nyororo, imebana, na mlio wake ulikuwa ule mzito.

Visigino ni vifupi, kwa hiyo pete iliwahi kufika chini huko, mwezi wa Januari, na vipande vikamenyeka kama tulivyotarajia. Shimo la kulia lilifungwa na ukuta mpya mwishoni mwa Februari. Picha ya pili ya eksirei ilionyesha soli milimita kumi na nne, na ukuta mpya ukishuka sambamba na mfupa. Machi akaanza kutembezwa akiwa amepandwa, dakika ishirini, amevaa katambuga. Masika ya pili alikaa kwenye changarawe muda wote.

Juni, miezi kumi na minne tangu kile kiatu kibaki mferejini, nilikata kwa koleo utepe wa mwisho wa pete kutoka kwenye ncha ya kulia. Wiki iliyofuata alibeba mgeni wake wa kwanza. Viatu vya chuma hajarudishiwa. Njia za mawe anavaa katambuga, toleo la nne sasa, na wageni huzipiga picha kuliko wanavyompiga yeye.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni sakafu. Dawa ilisaidia na kisu kilikuwa cha lazima, lakini ugonjwa huu ulizaliwa kwenye maranda na ungerudi kwenye maranda. Farasi wawili wengine wa zizi lile walikuwa na mwanzo wa mstari mweupe uliofunguka. Walihamishiwa kwenye changarawe na kuwekewa ratiba ya wiki nne, basi, na wakapona bila kukatwa.

Cha pili ni kuhamisha uzito kwa ndala. Bila picha ya eksirei nisingejua wapi mto uishie, na ningeweza kuuweka chini ya ncha ya mfupa na kumaliza soli iliyobaki. Gharama ya picha ilimuuma mwenye zizi. Ingelipwa siku ya kwanza ingetuokolea wiki mbili na nusu.

Bayotini siwezi kuipa wala kuinyima sifa. Hufanya kazi kwenye pembe inayoota tu, kwa miezi mingi, na hapa tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Anayeniuliza aanze na kitu gani namwambia aanze na pumba.

Puti ilishindwa kwa sababu iliyo wazi, na kijana wa gereji simlaumu kabisa. Aliulizwa namna ya kuziba tundu, akaziba tundu. Kosa langu la kukata nusu ni baya kuliko lake, maana mimi nilijua. Nimejichunguza: nilikuwa nakata kwa kuangalia uso wa mwenye mali badala ya kuangalia pembe. Siku hizi namwomba mwenye farasi akatuandalie chai wakati nafanya sehemu hiyo ya kazi.

Makosa mawili yaliyobaki, mrututu na lusina, yametoka mahali pamoja. Maagizo yangu yote yalikuwa ya mdomo, kwa mtu aliyenizidi umri na ambaye kwa heshima yake na yangu hakuwa tayari kuniuliza mara mbili, wala mimi sikuwa tayari kumwambia arudie nilichosema kama mtoto wa shule. Niliondoka kila mara nikidhani tumeelewana. Kilichobadilika ni kwamba sasa dawa inapimwa mbele yangu kwa kifuniko cha chupa, na Mzee ndiye anayepima huku mimi nikitazama. Jani jipya likiagizwa, tunaenda wote shambani kulikata la kwanza.

Kwenye mlango wa stoo ya chakula kuna ubao wa mgao wa kila farasi. Pembeni yake Mzee amebandika kwa gundi vijani viwili vilivyokauka. Cha lusani amekiwekea tiki ya bluu. Cha lusina amekikata kwa mstari mwekundu, na chini yake amegongomea kwa msumari ule utepe wa pete ya Juni.